Pamba na Upande Wake wa Kushoto

Wateja ndio waliowabatiza. Mmoja walimwita Pamba, mwingine wakamwita Koleo, na majina hayo yakashika mpaka yale waliyopewa na wazazi wao yakabaki kwenye vitambulisho tu. Walikuwa wasusi wawili wa saluni moja, chumba cha chini katika jengo la ghorofa, kati ya duka la vipuri vya baiskeli na mlango wa ngazi. Walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Kichwa kimoja walikisuka wote wawili kwa wakati mmoja. Mteja alikaa katikati, Koleo akashika upande wa kulia, Pamba akashika wa kushoto, wakaanzia kwenye paji la uso na kukutana kisogoni. Mtu aliyejiandaa kukaa kutwa nzima alitoka kabla ya adhuhuri.

Mkono wa Koleo ulikuwa wa kukaza. Mistari yake ilidumu, lakini siku ya kwanza mteja alitembea nyusi zimepanda kama mtu aliyeshtuliwa. Mkono wa Pamba ulikuwa mwororo. Aliziacha zile nywele changa za pembeni mwa uso, hakuzivuta, na kila msuko aliuanza kwa kuupitisha uzi wa chini mara mbili ndipo aukaze, basi ngozi haikuuma na msuko haukulegea. Mteja mmoja wa siku nyingi alikuwa akisema, "Upande huu nasinzia, upande ule natubu dhambi zangu zote." Koleo alimjibu bila kuinua macho, "Tubu, mama. Utaingia mbinguni umependeza."

Koleo alikuwa dada wa mume wa Pamba. Walianza kazi pamoja barazani kwa mama mkwe, wakiwa na kioo kimoja cha mkononi walichopokezana, na tangu siku hizo mmoja alikuwa msusi wa mwenzake. Msusi hawezi kujisuka kisogo. Kwa miaka yote ile, kichwa cha Pamba hakikuguswa na mkono mwingine ila wa wifi yake, na cha Koleo vivyo hivyo. Watu waliwasifu kwa mapatano yao. Wengine hawakuamini kuwa ni mawifi.

Halafu Pamba akaugua. Ilikuwa homa ya virusi, ile iliyopita mtaani kama mtu anayebisha hodi nyumba kwa nyumba. Ilimshika mifupa, ikamnyima ladha ya chakula, ikamlaza akitetemeka chini ya mablanketi. Mungu akamwonea huruma, homa ikashuka. Kikohozi nacho kikaisha. Watu wa nyumbani wakamshukuru Mungu, na yeye akashukuru, akangoja nguvu zirudi.

Hazikurudi. Aliosha vikombe viwili akahisi kama amebeba mawe. Alikaa mezani akala matonge machache, usingizi ukamchukua sahani ikiwa mkononi. Sala alikuwa akiisali amesimama tangu utoto wake, sasa akaisali amekaa kitandani, na mara nyingine aliipoteza katikati akasahau alikuwa amefika wapi. Kibaya zaidi kilikuwa mikono. Akiinyanyua juu ya mabega kuchana nywele zake, ilitetemeka na kushuka yenyewe, kama si yake. Mikono ile ndiyo iliyokuwa kazi yake, ndiyo jina lake, na sasa ilimgeuka.

Mumewe alikuwa fundi bomba, na kila jambo alilieleza kwa mabomba. "Tanki limejaa," alisema, "mabomba mazima, lakini maji hayafiki juu. Sielewi." Vipimo vya kwanza vilionyesha kuwa kila kitu kiko sawa, na hapo ndipo maneno ya watu yakaanza kubadilika. Hakuna aliyesema anajifanya. Walisema tu, mbona uso wake una afya.

Ikatokea siku moja akaamka mwepesi. Akaona amepona, akajikaza akafua mapazia, akapiga deki vyumba vyote, akapika. Jioni alicheka na mumewe. Kesho yake hakuweza hata kugeuka kitandani, na ule mlalo ukaendelea wiki nzima na zaidi. Tangu hapo aliogopa hata siku zake njema.

Katika hayo yote, aliyemshika mkono ni Koleo. Kila jioni, akitoka saluni, alipita. Alileta sabuni, alileta matunda, na siku za nywele alipanda kitandani akakaa nyuma ya wifi yake, akamfumua, akampaka mafuta, akamsuka taratibu, akijitahidi kulegeza ule mkono wake wa chuma. Pamba alifumba macho na kuuliza habari za kazini.

"Saluni imelala, wifi," Koleo alimwambia huku anasuka. "Nasuka kichwa kimoja, nakaa, napiga miayo. Wewe usiwe na haraka. Kiti chako kipo, nimekifunika kitambaa kisiingie vumbi."

Maneno hayo yalimliza Pamba kwa shukrani. Akaona wifi yake anakaa peke yake katika chumba kitupu kwa ajili ya ugonjwa wake. Kwa hiyo kila usiku kabla ya kulala aliomba, na katika ile nguvu ndogo aliyokuwa nayo, aliyoipima kama mafuta ya taa, alitenga sehemu ya kumwombea Koleo wateja. Binti yake, msichana mkubwa aliyekuwa akitoka kila asubuhi kwenda kozi ya kompyuta, alikaa pembeni ya kitanda akaitikia amina. Koleo naye, zile jioni alizochelewa kuondoka, aliitikia amina.

Ilipofika siku ya kurudi zahanati, mumewe alimsindikiza mpaka kwenye benchi la wagonjwa, akamwacha hapo akawahi kazi yake ya mabomba. Ilikuwa siku njema kiasi. Pamba alikaa akaegemea ukuta. Mbele yake, benchi la pili, alikuwa amekaa mwanamke mmoja, kisogo kimemwelekea yeye.

Msusi hawezi kukaa nyuma ya kichwa asikisome. Upande wa kulia aliutambua mara moja, mistari imenyooka kama imepigwa rula, imekazwa mpaka ngozi imeng'aa. Mkono wa Koleo. Akatabasamu, akamshukuru Mungu kwamba angalau mteja mmoja amepatikana. Kisha akatazama upande wa kushoto.

Upande wa kushoto ulikuwa wake. Zile nywele changa zimeachwa huru. Uzi wa chini umepitishwa mara mbili kabla ya kukazwa. Kwa kitambo alidhani homa imemrudia, maana aliona kazi ya mikono yake mwenyewe juu ya kichwa asichokijua, na kazi ilikuwa mpya, njia bado nyeupe, mafuta bado yananukia. Namna ile ya kuanza msuko alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu duniani. Alimfundisha akiwa mtoto wa shule, kwa kamba za ufagio wa deki, wakiwa wamekaa sakafuni wakicheka.

Akainama mbele. "Samahani, dada. Umesukwa wapi?"

Mwanamke aligeuka kwa furaha ya mtu aliyesifiwa. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na alizungumza kama walivyo walimu wa watoto wadogo, waziwazi na kwa sauti. "Pale kwa Koleo, karibu na vipuri vya baiskeli. Ila ukienda nenda mapema, pamejaa hapo huwezi kuamini. Watu wanasimama nje."

"Pamejaa," Pamba alisema.

"Wanasuka wawili wawili, ndiyo maana. Nasikia zamani huu upande wa kushoto alikuwepo mama mmoja, lakini alishaacha kazi. Aliugua, akapona, akasema kusuka basi. Sasa yupo binti yake. Na huyo binti ana mkono, dada, utafikiri unabembelezwa."

"Nani alisema ameacha?"

"Si ni Koleo mwenyewe! Anasema alimbembeleza sana arudi, mama wa watu hataki." Mwalimu akacheka, bila ubaya wowote. "Kuna watu wakishazoea kitanda, basi tena."

Pamba akajibu, "Pole yake."

Aliitwa ndani. Tabibu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alipomuuliza anajisikiaje, Pamba alilia mpaka akatoa leso. Tabibu hakumkatiza. Baadaye alimweleza kwamba vipimo kutoonyesha kitu si kusema mtu haumwi. Wapo wengi, alisema, ambao virusi vimeondoka lakini mwili bado haujapata habari, unaendelea kupigana na mtu aliyekwisha kwenda zake. Wengi hurudi, ila polepole, na hawarudi kwa kujikaza. Akamuuliza habari za siku ile ya mapazia, kama vile alikuwepo, na Pamba akashangaa amejuaje.

"Usisubiri uchoke ndipo upumzike," tabibu alimwambia. "Pumzika ukiwa bado una nguvu. Kazi yoyote ikate vipande, na ya juu ishushe chini."

Alimwambia pia aende nyumbani moja kwa moja. Hilo Pamba hakulitii. Hasira ilimpa miguu asiyokuwa nayo. Alitembea kwa kupumzika, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akaegemea nguzo ya umeme, akakaa tena kwenye kreti la soda mbele ya duka la watu, mpaka akaiona saluni.

Mlango ulikuwa wazi. Nje walisimama wanawake wawili wakingoja zamu, na ndani benchi lilikuwa limejaa. Katikati alikaa mteja, kulia Koleo, kushoto binti wa Pamba, mikono yao ikienda pamoja kama ya watu wanaotwanga kinu kimoja. Hakuna kitambaa kilichofunika kitu chochote. Pamba akaingia. Wateja wa zamani walimwona, mmoja akasogea, na Pamba akakaa kwenye benchi la wateja, kwa sababu miguu ilikuwa imefika mwisho wake.

Binti alimwona kwenye kioo. Kitana kikamdondoka.

"Okota, tunachelewa," Koleo alisema bila kugeuka. Kisha naye akatazama kioo, na mikono yake ikasimama juu ya kichwa cha mtu. "Wifi."

Njiani Pamba alikuwa amepanga maneno mengi. Sasa pumzi haikumtosha hata kwa nusu yake, na watu wote walimtazama, na mteja wa katikati alishikwa nywele pande mbili asiweze kugeuza shingo. Akatafuta swali moja lililo fupi.

"Wifi, kile kitambaa cha kiti changu," alisema, "umekiweka wapi?"

Redio ya duka la baiskeli ilisikika ikitangaza bei za mazao. Yule mteja wa siku nyingi, aliyezoea kutubu upande wa kulia, aliinamisha macho, na Pamba akajua kuwa naye alikuwa ameambiwa, akaamini, na hakuja hata kumjulia hali, kwa kuwa nani aende kumjulia hali mtu aliyepona.

Mumewe alipigiwa simu aje kumchukua. Alifika na mfuko wake wa spana, akasimama mlangoni, akamtazama dada yake, akamtazama binti yake aliyesimama kando ya kile kiti, akamsaidia mkewe kuinuka. Hakuuliza kumetokea nini. Kwa jinsi asivyouliza, Pamba akaelewa kuwa naye alijua.

Siku zilizofuata alilipa ile safari. Alilala pazia limefungwa, mwanga ukimuuma macho, na kila kiungo kikiwa kizito. Ugonjwa aliuzoea. Kilichomkosesha amani ni ile amina. Alizikumbuka sala zote zile za usiku, yeye amekaa kitandani mikono imefumbatana, akimsihi Mungu alete mtu hata mmoja katika saluni ile iliyojaa mpaka nje, na watu wa nyumba yake wamekaa kumzunguka wakiitikia. Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye akashukuru kwa harufu yake.

Mumewe alijitetea kwa sauti ya chini. Alisema walifanya kwa nia njema, asije akajilazimisha kurudi. Alisema alitaka kumwambia. Pamba alimwomba tu amletee maji, akanywa, akageukia ukuta.

Binti alikuja akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, kozi iliisha zamani. Shangazi alisema ukijua utanyanyuka. Na wewe ulikuwa unalala na sahani mkononi. Tungekwambia nini?"

"Mngeniambia hivyo hivyo," Pamba alisema. "Kwamba nalala na sahani mkononi."

Binti akasema atakiacha kiti hata kesho. Hapo jibu la Pamba halikuwa jepesi. Kiti alikitaka, lakini mikono haikuweza. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu ila Mungu: alichokiona kwenye kile kichwa cha mwalimu kilikuwa kizuri. Upande wa kushoto ulikuwa ukisukwa vizuri bila yeye. Angeweza kufurahi kama mama, na kidogo alifurahi, lakini furaha ile ilikaa ndani yake pamoja na wivu, kitanda kimoja, na hakuna aliyempisha mwenzake.

Koleo alikawia kuja. Alipokuja ilikuwa jioni kama zamani, kitana kwenye mkoba, chupa ya mafuta mkononi. Alisalimia, akaitikiwa. Akapita kwenda kukaa mahali pake, nyuma ya wifi yake.

"Hapana," Pamba alisema. "Leo kaa mbele. Miezi yote hii umekuwa ukiniambia maneno ukiwa nyuma yangu. Nataka nikuone uso."

Koleo akakaa mbele, kwenye ukingo wa kitanda, kitana mapajani. Mtu yule wa maneno mengi alikaa kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mwishowe akasema. Alieleza kwamba alijaribu kusuka peke yake, kichwa kikawa cha kutwa nzima, wateja wakaanza kuhamia kwa msusi wa barabara ya pili. Akamleta binti, na binti alikuwa na mkono wa mama yake, lakini kila mteja aliuliza, Pamba anarudi lini.

"Nikisema anarudi, wanasema basi tutamngoja, wanaondoka," Koleo alisema. "Nikisema ameacha, wanakaa chini. Ndivyo ilivyokuwa, wifi. Sikukaa nikapanga. Nilisema mara moja, ikafanya kazi, nikasema tena."

"Na kwamba ulinibembeleza, nikakataa?"

Koleo akakizungusha kitana. "Hilo nililiongeza."

"Kwa nini?"

"Waliniona mbaya. Kwamba nimekutoa wewe mgonjwa. Nikaona bora…" Hakumaliza.

"Bora mbaya niwe mimi."

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli la maji, gurudumu likilia. Pamba alingoja lipite. Hakupandisha sauti, hakuwa na sauti ya kupandisha.

"Ningekupa ruhusa, wifi," alisema. "Kama ungeniambia unamwita binti akusaidie, ningekupa ruhusa na baraka juu. Nilikuwa siwezi kuinuka kunawa uso, lakini nilikaa hapa nikakuombea wateja. Na wewe uko nyuma yangu, vidole vimekuvimba kwa wateja. Ukasema amina."

Koleo akalia. Pamba, aliyezoea kumpa leso kila mtu aliaye, hakumpa. Alikwisha kumwomba Mungu amsaidie kusamehe, maana aliona hana njia nyingine, lakini alimwomba pia asimharakishe. Alimwambia wifi yake jambo moja tu alitakalo. Kila aliyeambiwa kwamba Pamba ameacha, aambiwe kwamba hakuacha, na aambiwe na kinywa kile kile.

"Wote?" Koleo aliuliza.

"Wote."

Koleo akafuta macho. Kisha, kwa mazoea, akainua kitana na kutazama ile mistari iliyochakaa kichwani mwa Pamba, akauliza kama basi amsuke. Pamba akamwambia atajisuka mwenyewe. Koleo alimtazama kama mtu aliyesikia kwamba jirani yake atajing'oa jino.

Ndivyo alivyoanza kurudi, kwa kujifumua. Alifumua misuko ya Koleo kidogo kidogo, viwiko vikiwa juu ya meza, akiacha kabla mikono haijatetemeka. Hilo la kuacha mapema lilikuwa gumu kuliko kazi yenyewe. Maisha yake yote aliacha kazi inapoisha. Sasa ilimbidi aweke chini kitana wakati vidole bado vinataka kuendelea, alale chali, atazame dari, ajione mvivu, na asiinuke. Mara mbili alijisahau akaendelea, na mara zote mbili kitanda kilimdai. Akajifunza.

Alizifunga kamba za ufagio wa deki kwenye mguu wa kiti, akakaa kwenye kigoda, akasuka zikiwa chini ya usawa wa kifua chake. Kazi ya juu ishushe chini, tabibu alisema. Mumewe alipita akaona, siku ya pili akaja na kigoda kifupi zaidi alichokitengeneza kwa mbao za kreti, akakiweka hapo. Pamba akasema ahsante. Ilikuwa ahsante ya kweli, lakini haikuwa na neno la pili nyuma yake, na mumewe akaenda zake kuosha mikono.

Halafu akasuka kichwa chake. Nusu moja alisuka siku kadhaa, nusu nyingine siku zilizofuata, katikati amefunga kitambaa. Mbele ilikuwa nzuri. Kisogoni alisuka kwa kupapasa, na njia zilikwenda zilikotaka, moja ikapinda karibu na sikio kama mlevi anayetafuta nyumba yake. Binti alipoiona alifumba mdomo ili asicheke, akashindwa, na Pamba naye akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya zahanati. Lakini binti alipoomba airekebishe hiyo moja tu, alikataa.

Alirudi saluni asubuhi moja ya wiki yenye kazi chache, akiwa amepumzika njiani kabla ya kuchoka, kigoda chake mkononi na kichwa wazi. Hakukiendea kile kiti cha kushoto. Aliweka kigoda karibu na mlango penye hewa, akavuta kiti kingine nyuma ya kigoda, ili mteja akae chini na yeye akae juu. Wateja walimpokea kwa namna mbalimbali. Yule wa siku nyingi alimkumbatia, akasema Koleo alimfuata mpaka nyumbani kwake kumweleza, na kwamba hajawahi kumwona Koleo akikosa maneno. Wengine walimsalimia huku macho yakienda kwenye kisogo chake. Pamba aliyaona, akayaacha yaende.

Saa za mchana akaingia yule mwalimu wa chekechea, amekuja kufumua na kusuka upya. Alitazama chumba, akamtazama Pamba, na ilionekana sura anaijua ila hakumbuki wapi.

"Leo mko watatu," alisema. "Na huyu mama ni nani?"

Binti akasimamisha mikono. Koleo alikuwa akichambua nywele za bandia, na aliendelea kuzichambua ingawa zilikuwa zimekwisha kuchambuka. Pamba hakumsaidia. Aliweka mikono mapajani akangoja, maana wale wengine Koleo aliwaambia faraghani, na huyu angeambiwa mbele yake.

"Huyu ndiye Pamba," Koleo alisema mwishowe. "Mwenye upande wa kushoto. Hakuacha kazi. Alikuwa anaumwa, na bado anaumwa kidogo. Mimi ndiye niliyesema ameacha."

Mwalimu akakumbuka benchi, akakumbuka maneno yake mwenyewe, na uso ukamshuka. Akaanza kuomba radhi. Pamba alimwambia hana kosa, yeye alisema alichoambiwa, akamwonyesha kigoda.

Mwalimu akakaa chini. Pamba akagawa njia, akaziacha zile nywele changa za pembeni, akapitisha uzi wa chini mara mbili. Vidole vilikuwa vizito kidogo, lakini vilijua. Alisuka mistari michache tu upande wa kushoto, imetulia, imekaa. Mwalimu alianza kusinzia. Hapo Pamba akaacha, akiwa bado anaweza, akamwita binti yake aje aendelee pale alipoishia, akaegemea ukuta.

Koleo alisogea kuanza upande wake wa kulia, na alipopita nyuma ya Pamba akaiona ile njia iliyopinda karibu na sikio. Vidole vya msusi havingoji amri. Mkono wake ukanyooka wenyewe kuushika ule msuko na kuunyoosha.

Pamba akainamisha kichwa upande, taratibu, mpaka mkono ule ukabaki hewani.

"Bado, wifi," alisema.

Koleo akaurudisha mkono, akaupaka mafuta, akaanza kazi.